Lavalier: kidani, tai na maiki kwa jina moja (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Ukitafuta kidani mtandaoni kwa neno lavalier, unaletewa maiki. Ukiliandika kwa tahajia ya Kifaransa, unaletewa picha za wanaume waliofunga tai kubwa kama ua. Hakuna kilichokosewa. Vitu vyote vitatu vina jina moja, na maswali tunayopokea kuyahusu ni haya.

Lavalier ni kitu gani hasa?

Kwa masonara wanaotumia Kiingereza, ni kidani cha mkufu mwembamba chenye kito kinachoning'inia katikati. Kito chenyewe aghalabu si kipande kimoja. Huwa ni viwili au vitatu vilivyoshikana kwa vipete vidogo, cha chini kabisa kikiwa na umbo la tone, ili kiyumbeyumbe mvaaji anapotembea.

Kwa watu wa redio na televisheni ni maiki ndogo inayobanwa kwenye nguo, kifuani. Kwa Wafaransa, lavallière kwanza ni tai: kitambaa laini na kipana kinachofungwa fundo la kipepeo, ncha zikaachwa zilegee. Mwanahisabati Cédric Villani, aliyepata Nishani ya Fields mwaka 2010, anajulikana kwa kuivaa tai hiyo. Wajalidi wa vitabu wa Ufaransa nao huita lavallière ngozi yenye rangi ya jani lililokauka.

Linatamkwaje, na tahajia ipi ni sahihi?

Waingereza na Wamarekani husema la-va-LIA, mkazo ukiwa mwishoni. Wafaransa hulitamka karibu na «lavalyeri».

Kiingereza kinakubali tahajia tatu: lavalier, lavaliere na lavalliere. Wauza maiki wamezoea ya kwanza, wauza vito hupenda ile yenye e mwishoni. Zote ni neno moja. Bei ikipandishwa kwa hoja kwamba tahajia fulani ndiyo ya «kidani halisi», usilipe ziada hiyo.

Jina limetoka kwa nani?

Kamusi zinalirudisha kwenye tai ya Kifaransa, na tai kwa Louise de La Vallière. Alizaliwa Tours mwaka 1644, akaingia katika utumishi wa Henrietta wa Uingereza, mke wa ndugu yake mfalme Louis wa 14. Mwaka 1661 akawa kipenzi cha mfalme mwenyewe. Alizaa naye watoto kadhaa na mwaka 1667 akapewa cheo cha duchesi, wakati ambao mfalme alikuwa ameshahamishia macho kwingine. Mwaka 1674 aliondoka ikulu akaingia utawa wa Wakarmeli mjini Paris, akaweka nadhiri mwaka uliofuata, na akaishi humo mpaka alipofariki mwaka 1710.

Kwa hiyo Louise alikuwa akivaa kidani cha namna hii?

Hapa ndipo hadithi za madukani zinapokwama. Vidani tunavyoviita lavalier vilishamiri kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za mfalme Edward wa 7 wa Uingereza (1901 hadi 1910) na miaka michache baadaye. Louise alikuwa ameshakaa kaburini karibu miaka 190. Jina ni lake, mtindo si wake. Cheti kinachosema «kidani cha mtindo alioubuni Louise de La Vallière» kimeandikwa na mtu anayependa kuuza.

Yupo pia Lavallière wa pili. Eve Lavallière, jina lake la kuzaliwa Eugénie Fénoglio, alizaliwa Toulon mwaka 1866 akawa mwigizaji mashuhuri wa jukwaa la Théâtre des Variétés, Paris. Alivuma wakati uleule vidani hivi vilipokuwa vikivuma, ndiyo maana wapo wanaosema kidani kimepewa jina lake na tai pekee ndiyo ya Louise. Kwa tarehe, hoja hiyo ina uzito. Kwa lugha, njia fupi zaidi ni tai kuzaa kidani, na hiyo ndiyo inayopendwa na kamusi. Sisi tunafuata kamusi, bila kumcheka anayemtaja Eve.

La ajabu ni kwamba naye aliacha jukwaa mwaka 1917 akajitoa kwa dini hadi alipofariki mwaka 1929. Wanawake wawili wa jina moja, wote wakaishia kwenye sala, na jina lao likabaki kwenye mapambo.

Tai iligeukaje kuwa kidani?

Tazama mahali, siyo kitu. Fundo la lavallière linakaa kooni na ncha zake zinashuka kifuani. Kidani nacho kina mkufu unaozunguka shingo na tone linaloshuka palepale. Kilichohama ni jina la kitu kinachoning'inia chini ya koo, na ndilo hilohilo lililokuja kuhama tena kwenda kwenye maiki.

Kwa Kiswahili tuiite nini?

Kwa kito, «kidani» kinatosha. Mkufu ni ule mnyororo wenyewe, hata ukiwa mtupu. Kidani ni pambo la shingoni, mara nyingi lenye vito au kipande cha kuning'inia. Ukitaka kuwa mahususi sema «kidani cha tone» au «kidani cha lavalier». Kuita lavalier «ushanga» ni kosa, maana ushanga ni shanga zilizotungwa kwenye uzi.

Kwa maiki, mafundi husema «maiki ya kubana» au «maiki ya kifuani», na wote wanaelewana.

Nitaitambuaje lavalier ya kale dukani kwa sonara au kwenye mnada?

Anza nyuma, siyo mbele. Geuza kito uangalie kwa kioo cha kukuzia cha mara 10.

Kwanza tafuta mihuri. Za Marekani mara nyingi ni dhahabu ya karati 10 au 14, zikiwa na mhuri 10K au 14K. Za Uingereza utakuta 9 au .375, na nyingine 15 au .625. Huu wa 15 ni wa kufurahisha: Uingereza iliacha kugonga karati 15 mwaka 1932, kwa hiyo kipande chenye mhuri huo hakiwezi kuwa cha juzi, labda mhuri uwe wa kughushi.

Pili angalia namna mkufu ulivyoshika kito. Kwenye nyingi za kale mkufu umeungwa moja kwa moja kwenye pande mbili za kito, kushoto na kulia. Kito chenye kitanzi kimoja juu, ambacho unaweza kukichomoa ukakihamishia mkufu mwingine, huenda ni kidani cha kawaida tu kilichopewa jina la kifahari.

Tatu, kifungio. Kifungio cha kale ni kipete cha mviringo chenye springi ndani. Kile chenye umbo la gando la kaa ni cha miaka ya karibuni. Ukikiona, hakithibitishi kwamba kidani ni cha bandia, ila kinakuambia kifungio au mkufu mzima umebadilishwa, na bei lazima ishuke. Linganisha pia rangi ya dhahabu ya mkufu na ya kito kwenye mwanga wa jua. Taa za dukani huficha tofauti.

Nne, na hapa ndipo wengi wanapoliwa: makovu ya lehemu. Vichwa vya pini za tai na bruchi za zamani hukatwa, vikaungwa kwenye mkufu, vikauzwa kama lavalier. Mgongoni utaona doa la mviringo ambako shina la pini lilikuwa, au mistari miwili iliyosuguliwa ikang'aa kuliko sehemu nyingine. Kinaweza kuwa kidani kizuri, lakini kilipiwe kama kilichounganishwa.

Naambiwa changu si lavalier, ni négligée. Kuna tofauti?

Ipo. Négligée ina matone mawili yaliyoning'inia kwa urefu usiolingana, moja juu, jingine chini. Lavalier ina tone moja katikati. Wauzaji huyachanganya majina haya kila siku.

Mkufu uwe na urefu gani?

Nyingi za kale zina sentimita 38 hadi 41. Kwa shingo nene hizo zinabana, kito kinapanda kwenye shimo la koo na kulala upande. Pima shingo yako kwa uzi mahali utakapotaka mkufu ukae, kisha ongeza sentimita 5 hadi 10 ili kito kishuke. Kwa watu wazima wengi, sentimita 43 hadi 48 hukaa vizuri.

Mkufu wa kale ukiwa mfupi, usiukate. Mwambie sonara aweke kipande cha nyongeza cha sentimita 5 nyuma, kati ya kifungio na mkufu, cha karati ileile. Kipete kifunguliwe kwa koleo mbili, ncha moja isukumwe mbele na nyingine ivutwe nyuma. Kikitanuliwa kwa pembeni kinapoteza umbo, hakifungi tena sawasawa, na mkufu unadondoka njiani bila wewe kujua.

Nisafisheje bila kuharibu?

Tatizo ni lulu. Lulu nyingi za lavalier zimetobolewa nusu tu, zikabandikwa kwa gundi kwenye kijiti chembamba cha dhahabu. Ukiloweka kwenye maji ya moto gundi inalegea, na asubuhi unakuta kijiti kitupu. Mashine za kusafishia kwa mtetemo nazo usizikaribie.

Chukua kitambaa laini cha pamba, kilowanishe kwa maji ya vuguvugu, kikamue mpaka kisidondoshe tone, ufute kito. Sehemu za chuma pekee unaweza kuzipitisha brashi laini ya mtoto yenye tone la sabuni ya maji, kisha ufute kwa kitambaa safi. Kausha kwa kukilaza, usikitundike. Amonia, siki, dawa ya meno na manukato vinakula ngozi ya lulu, kwa hiyo udi na marashi vitangulie, kidani kivaliwe mwisho na kivuliwe kwanza. Usikihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, hasa pwani ambako jasho na unyevu vitakwama humo.

Kidani kiligeukaje kuwa maiki?

Maiki za mwanzo za kuvaa hazikubanwa kwenye shati. Zilitundikwa shingoni kwa kamba, kama kidani, ili msemaji abaki na mikono mitupu. Mwaka 1953 kampuni ya Marekani ya Electro-Voice ilitoa 647A, yenye uzito wa gramu 64 na kipenyo cha milimita 19, pamoja na kamba yake ya shingoni. Mwaka uliofuata Shure ikatoa Slendyne, iliyoweza kushikwa mkononi, kuwekwa kwenye stendi au kutundikwa kwenye «kamba ya lavalier». Jina lilikuwa la kamba na mkao wake, baadaye likameza maiki yenyewe.

Gramu 64 ni nyingi kwa kubana kwenye tai. Kilichoipunguza maiki ni elektreti, kazi ya Gerhard Sessler na James West katika maabara ya Bell mwaka 1962: utando mwembamba unaotunza chaji yake wenyewe, usiohitaji sumaku nzito. Kamba ikatoweka, kibanio kikaingia, jina likabaki.

Vyuo vya Marekani vinatumia neno hili kama kitenzi. Maana yake nini?

Kijana aliye mwanachama wa chama cha wanafunzi kinachoitwa kwa herufi za Kigiriki humpa mpenzi wake kidani chenye herufi hizo. Binti anasemwa «amepewa lavalier». Kwa desturi yao ni hatua ya kabla ya kumvisha pini ya chama, nayo pini ni kabla ya uchumba.

Maiki niibane wapi?

Katikati ya kifua, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Kipimo cha haraka ni futuri moja: weka ncha ya kidole gumba chini ya kidevu, nyoosha kidole cha shahada kuelekea chini, kinapofika ndipo pa kubana.

Ukishuka mpaka sentimita 40, sauti inayoifikia maiki inapungua kwa takriban desibeli 6, wewe unapandisha sauti ya kurekodia, na mwangwi wa chumba unapanda pamoja nayo. Ukipanda mpaka kwenye shimo la koo, kidevu kinaifunika na maneno yanakuwa mazito. Hata mahali sahihi kifuani, sauti hupungua ukali wa juu, karibu na kilohezi 3 hadi 4, kwa kuwa mdomo unatazama mbele na maiki iko chini. Ongeza kidogo eneo hilo wakati wa kuhariri, na s na sh zitarudi.

Usiibane kwenye ukosi wa upande mmoja kama msemaji atamgeukia mgeni aliye upande wa pili. Atasikika akiondoka na kurudi.

Kwa nini inakwaruza?

Sababu ya kwanza ni kidani. Ndiyo, kile kilichoipa maiki jina lake: kinaning'inia palepale inapobanwa, na kila mvaaji akipumua kinaigonga, tk, tk. Masikioni mwa mrekodi inasikika kama mtu anayegonga meza kwa kucha. Kivuliwe, au maiki ishushwe sentimita 5 chini ya kito. Kishada cha shingoni cha kanzu ya Kiomani hufanya vivyo hivyo, kigeuzie ndani.

Ya pili ni nguo. Kanga mpya yenye wanga inapiga kelele kuliko iliyofuliwa mara mbili. Polyesta na hariri hukwaruza, pamba hutulia. Kwa mwenye mtandio au hijabu, maiki iwe juu ya kitambaa, imebanwa kwenye mkunjo ulioshikwa kwa pini usicheze. Ikilazimu kuificha ndani, kunja plasta ya hospitali iwe pembetatu mbili zenye gundi nje, weka maiki katikati yake, bandika upande mmoja kwenye nguo ya ndani na wa pili kwenye nguo ya nje. Nguo zote mbili zikishikwa, hakuna cha kusugua.

Ya tatu ni waya. Usiuache ushuke wima kutoka kwenye kibanio. Upindie kitanzi cha sentimita 3, upitishe kwenye meno ya kibanio, sehemu inayobaki ibandikwe ndani ya nguo. Waya ukivutwa, kitanzi kinapokea mshtuko badala ya maiki.

Upepo ni jambo jingine. Sponji ndogo inayokuja na maiki inasaidia pumzi na feni. Ufukweni haitoshi, weka kifuniko cha manyoya.

Nimeichomeka kwenye simu, lakini simu inarekodi kwa maiki yake yenyewe.

Hesabu pete nyeusi kwenye jeki ya milimita 3.5. Mbili ni ya kamera, tatu ni ya simu. Maiki ya pete mbili ikichomekwa kwenye simu, simu inaidhani ni spika za masikioni zisizo na maiki. Nunua kiunganishi cha pete mbili kwenda tatu.

Simu isiyo na tundu hilo inataka kiunganishi cha USB-C chenye kigeuza sauti ndani yake. Vile vya bei ya chini kabisa hupitisha sauti ya kusikiliza tu. Kabla ya kazi, rekodi sekunde 10 huku ukikwaruza maiki kwa ukucha, kisha sikiliza. Mkwaruzo ukiwa mkubwa, maiki inafanya kazi. Ukiusikia kwa mbali, bado ni ya simu.

Ya waya au isiyo na waya?

Mtu akikaa, ya waya. Hakuna betri ya kufa wala mawimbi ya kukatika, na ni nafuu. Zisizo na waya za bei ya kawaida hutumia gigahezi 2.4, mkondo uleule wa Wi-Fi, na mwili wa binadamu huyazuia mawimbi hayo kwa sababu ya maji yaliyomo. Mvaaji akikupa mgongo ukumbini uliojaa simu, sauti inakatikakatika. Inua risiva ipite vichwa vya watu.

Maneno mengine ya Kiingereza ya mapambo ya shingoni yana asili gani?

Mengi yana asili kali kuliko unavyodhani. Necklace ni shingo pamoja na lace, neno lililotokana na Kilatini laqueus, yaani kitanzi cha kunasia. Choker ni cha kukaba. Carcanet, lililomo katika tamthilia za Shakespeare na sasa limekufa midomoni, linatokana na carcan, pingu ya chuma ya shingo ya mfungwa. Torc ni kusokota. Bead peke yake ndilo lenye upole: kwa Kiingereza cha kale lilimaanisha sala, likahamia kwenye punje za kuhesabia sala, kisha kwenye punje yoyote iliyotobolewa.

Nikitaka kununua mtandaoni, niandike nini?

Kidani: «lavaliere pendant», na uongeze «Edwardian» ukitaka cha kale. Maiki: «lavalier» pamoja na aina ya tundu la simu yako. Tai: «lavallière» kwa tahajia kamili ya Kifaransa, l mbili na alama juu ya e.